Mashairi ya Kichina katika Njia ya Thika

Mtu wa Ruiru akisema kwamba anajifunza Kichina, wasikiao humwuliza swali moja: ni kampuni gani imemwahidi kazi? Swali hilo halina ubaya, kwa kuwa limezaliwa na mambo tuliyoyaona kwa macho. Kati ya mwaka 2009 na mwaka 2012 barabara itokayo Nairobi kwenda Thika ilijengwa upya, kadiri ya kilomita 50, na kampuni tatu za Kichina zikagawana kazi hiyo: China Wu Yi, Sinohydro na Shengli Engineering. Kwa muda wa miaka ile mitambo yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma ilipita mbele ya milango yetu usiku na mchana. Kijana aliyejua maneno hamsini ya Kichina alionekana kuwa na mtaji mkononi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nakaa Ruiru na kufundisha Thika, na kila siku ya kazi napita katika barabara hiyo mara mbili. Nilianza kujifunza Kichina kama wengine, wakati wa jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Lakini kilichonivuta kisiniachie ni mashairi ya enzi ya Tang, enzi iliyotawala China tangu mwaka 618 hata mwaka 907. Basi kwangu swali la majirani huwa gumu zaidi, maana hakuna kampuni imwajiriyo mtu kwa sababu aweza kusoma shairi la miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Nataka kulijibu swali hilo kwa utaratibu, kwa ajili ya kijana ambaye huenda akajikuta katika njia hii baada yangu.

Mahali pa kujifunzia si haba. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza katika bara la Afrika. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichopo Kahawa kando ya barabara hii hii, kikafuata baadaye. Mwaka 2019 ilitangazwa na wakuza mitaala wa Kenya kwamba Kichina kingeingia miongoni mwa lugha za kigeni ambazo mwanafunzi wa shule aweza kuzichagua. Mafunzo yenyewe huanza na salamu, hesabu, bei na majina ya vyombo. Hayo ni mambo mema na ya lazima. Lakini aghalabu mwanafunzi huishia hapo, akadhani ya kuwa ameijua lugha, hali amejua soko lake tu.

Mjomba wangu, akaaye Makongeni mjini Thika, ana haki ya kuniuliza kuliko majirani wote. Alivuna mananasi kwa miaka mingi, na fedha za jasho lake ndizo zilizonilipia karo ya shule. Jumapili moja nilipokwenda kumsalimu aliona kitabu mkononi mwangu, akasema:

"Mwanangu, mdogo wako amejifunza Kichina miezi sita, naye sasa ni mkalimani wa mafundi. Wewe umejifunza miaka mitatu, na bado wasoma mashairi. Mashairi hayo yatakulipa nini?"

Sikuwa na jibu la fedha. Nikamsimulia habari za mtu mmoja aitwaye Du Fu, aliyezaliwa mwaka 712. Zamani zile mtihani mkubwa wa kuingia katika utumishi wa serikali ya China ulimtaka mtahiniwa atunge shairi, na Du Fu, ambaye leo Wachina humhesabu miongoni mwa washairi wao wakuu kabisa, aliufanya mtihani akaanguka. Alikaa miaka mingi katika mji mkuu akitafuta cheo, na jamaa zake wakakaa mbali naye. Mwaka 755 alisafiri kwenda kuwaona. Alipofika karibu na nyumba alisikia kilio, na kumbe mwanawe mdogo amekufa kwa njaa. Akaliandika jambo hilo katika shairi refu, na katika huzuni yake hakujifikiria peke yake, bali aliwakumbuka watu waliokuwa maskini kumliko. Mwaka ule ule yakaanza maasi ya An Lushan yaliyoiteketeza nchi.

Mjomba alinyamaza kitambo. "Na huyo baba," akauliza, "alipata kazi mwishowe?"

"Alipata vyeo vidogo visivyodumu, Mjomba. Akafa safarini mwaka 770, naye ni maskini."

"Mtu huyo namjua," akasema Mjomba. Kisha akaongeza, kwa kuwa ni mtu wa haki asiyetaka kushindwa kwa urahisi: "Lakini kumjua hakulipi karo."

Nakiri ya kuwa neno lake ni kweli. Hata leo halijabatilika, na kijana asomaye insha hii asidanganywe na mtu kwamba mashairi yatamjengea nyumba. Hata hivyo miezi michache baadaye likatokea jambo lililotufanya sote wawili tulitazame swali lile upya.

Binamu yangu, mkalimani, alikuja kwangu Ruiru usiku. Msimamizi wake wa kazi, Mchina wa makamo, alikuwa amepata habari kwamba mama yake amefariki huko kwao, wala hakuweza kurudi kumzika. "Kaka," akasema binamu, "najua kumwambia kwamba saruji imekwisha, nondo zimefika, mafundi wataka posho. Leo asubuhi nilisimama mbele yake kama bubu. Wachina husemaje pole?"

Nilimfundisha maneno mawili, jie ai. Maana yake yakaribia kusema, izuie huzuni isikuzidi nguvu. La kwanza sauti yake hupanda, la pili hukaa juu bila kushuka. Maneno hayo yametoka katika mafunzo ya kale ya Wachina juu ya adabu za matanga, yaliyokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, na hata leo ndiyo yasemwayo kwa mfiwa. Tuliyarudia mpaka yakakaa vizuri mdomoni mwake. Kesho yake aliyasema. Alinieleza baadaye kwamba yule msimamizi hakujibu neno. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kisha wakaenda kazini.

Tazama basi, msomaji, jinsi mambo yalivyo. Lugha ya kale ya Wachina haikuzikwa makaburini. Imo katika vinywa vya walio hai. Wana misemo mingi ya maneno manne manne, ambayo mengi yake yametoka katika vitabu na mashairi ya zamani, na mtu wa kawaida huitumia kama sisi tutumiavyo methali. Ajifunzaye Kichina cha kazi peke yake ni kama mgeni ajuaye Kiswahili chote cha dukani, lakini hajui kusema pole, hajui kupiga hodi, wala hajui kwa nini wazee wamecheka methali ilipotajwa.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kusoma mashairi. Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo yatuhusu sisi wenyewe. Vitabu vingi vya Kichina tuvipatavyo hapa Kenya vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya watu wenye masikio ya Kiingereza. Nasi huingia katika Kichina kwa mlango huo, na kuona ugumu pale pale auonapo Mwingereza, hali lugha zetu zimetupa milango mitatu iliyo karibu zaidi.

Mlango wa kwanza ni sikio. Katika Kichina cha leo cha Beijing kuna toni nne, na silabi ma yaweza kuwa mama, au katani, au farasi, au kutukana, kwa kadiri sauti ikaavyo juu, ipandavyo, ishukavyo kisha ikapanda, au ianguka­vyo. Kitabu cha Kiingereza humtisha mwanafunzi kwa jambo hilo katika ukurasa wa kwanza. Lakini Kikuyu, lugha ya watu wengi wa Ruiru na Thika, nayo ni lugha ya toni. Yako maneno ambayo maandishi yake ni sawa, na sauti yake ya kupanda na kushuka ndiyo iyatenganishayo. Jambo hilo lilichunguzwa zamani. Bibi Lilias Armstrong, mtaalamu wa sauti za lugha katika Chuo Kikuu cha London, aliandika kitabu kizima juu ya matamshi na toni za Kikuyu, kikachapishwa mwaka 1940, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Mtu aliyemtamkia maneno hayo, kati ya mwaka 1935 na mwaka 1937, ni Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Juja, katikati ya Ruiru na Thika, husoma chini ya jina lake. Ni wachache wajuao kwamba sauti yake iliwahi kuwa somo la wataalamu.

Sisemi kwamba toni za Kikuyu ni sawa na za Kichina. Kila lugha ina utaratibu wake. Nasema kwamba sikio lililokwisha kuzoea kutenga maneno kwa toni lina mali ambayo Mwingereza hana budi kuitafuta kwa taabu. Nami nahofia mali hiyo. Watoto wetu wa Ruiru huelewa Kikuyu cha bibi zao, lakini hujibu kwa Kiswahili au Kiingereza. Sikio lisilojibiwa na ulimi hulala. Ingekuwa jambo la ajabu kama mtoto angelipa fedha ili afundishwe toni katika darasa la Kichina, hali ameziacha bure jikoni kwa bibi yake.

Mlango wa pili ni ngeli. Mchina hasemi kitabu kimoja kwa maneno mawili tu; huweka kati ya hesabu na jina neno la kuonyesha aina ya kitu. Vitabu huhesabiwa kwa neno ben. Karatasi na meza, kwa kuwa vina uso bapa, huhesabiwa kwa neno zhang. Mto, barabara na nyoka, kwa kuwa ni virefu na hupindapinda, huhesabiwa kwa neno tiao. Kwa hesabu hiyo Mto Chania na Barabara Kuu ya Thika ni ndugu. Mwingereza hulalamika: ya nini haya yote? Lakini mtu aliyelelewa katika ngeli za Kiswahili, ambamo mto, mkia na mstari vimeketi pamoja, na kidole, kisu na kiti vimeketi kwingine, haoni ajabu lugha ikivipanga vitu kwa makundi. Tofauti ipo. Neno la Kichina hukaa mahali pamoja karibu na hesabu, na alama ya ngeli yetu husafiri katika sentensi nzima, ikagusa kivumishi na kitenzi. Hata hivyo fikira ya kwanza, kwamba jina la kitu halisimami peke yake bila jamaa, sote tunayo.

Mlango wa tatu ni mizani. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, na kila mshororo una mizani kumi na sita, nane katika kipande cha kwanza na nane katika kipande cha pili. Washairi wa Tang nao walihesabu. Herufi moja ya Kichina ni silabi moja. Shairi fupi la mishororo minne yenye silabi tano tano lina silabi 20 tu. Shairi la mishororo minane yenye silabi saba saba lina 56. Ubeti wetu mmoja una 64. Basi shairi zima la Kichina laweza kuingia ndani ya ubeti mmoja wa Kiswahili na kuacha nafasi. Mshororo wa silabi tano hupumzika baada ya ile ya pili, na wa saba hupumzika baada ya ile ya nne. Vina vipo mwishoni mwa mishororo. Juu ya hayo, toni ziligawanywa mafungu mawili, na mshairi alipaswa kuzipanga kwa kupishana, na mishororo ya katikati kuilinganisha jina kwa jina na kitenzi kwa kitenzi. Mwanafunzi aliyewahi kukaa na kalamu akitafuta kina cha kati kisichovunja maana, amekwisha kujua nusu ya taabu ya Du Fu.

Tena kuna jambo jingine la kutufariji. Baadhi ya vina vya Tang havilingani tena katika matamshi ya Beijing, maana lugha imebadilika. Silabi zilizoishia kwa p, t na k zimepoteza miisho yake huko, ila katika Kikantoni cha kusini zimehifadhiwa. Nasi tuna mambo kama hayo. Mshairi wa Lamu alisema mato kwa maana ya macho, na mato hupatana vizuri na mtoto. Mtu akilisahihisha kwa Kiswahili cha shule na kuandika macho, ameua kina kilichoishi. Nilipofahamu jambo hilo katika Kichina ndipo nilipoanza kuwaonya wanafunzi wangu wasiisahihishe lahaja ya wazee katika tenzi.

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Mashairi ya kale ya Kichina mara nyingi hayamtaji mtenda. Kitenzi husimama peke yake, bila mimi, bila yeye, bila alama ya wakati. Nitaunda mshororo wangu mwenyewe kwa mfano, usio wa mshairi yeyote, kwa maneno matano yaliyofuatana hivi: mvua, shamba, ona, moja, taa. Ni nani aonaye taa hiyo? Mshairi? Msafiri? Wewe usomaye? Kichina hakisemi, na kwa sababu hakisemi, kila asomaye aweza kusimama mahali pale penye mvua. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kutafuta mtenda, na mara nyingi huandika mimi. Mfasiri wa Kiswahili akiifuata tafsiri hiyo ya Kiingereza ataandika naona taa moja, na wanafunzi wa Thika wataamini kwamba mshairi wa China alikuwa akijisemea habari zake mwenyewe. Kosa hilo halikutoka China, wala halikutoka kwetu, limeokotwa njiani.

Lakini akitazama katika Kiswahili chenyewe, mfasiri huyo ataona njia ambazo Kiingereza hakina. Tunayo hu ya methali, isiyotaja nafsi: huona taa moja. Hiyo yamficha mtenda vizuri, ila yaleta maana ya mazoea, kana kwamba taa huonwa kila siku. Tunayo pia kauli ya kutendeka: mvua shambani, taa moja yaonekana. Hapa aonaye hakutajwa kabisa. Taa imejitokeza yenyewe katika giza, na msomaji ndiye aliyesimama pale. Mimi naipenda hii ya pili. Mwalimu mwingine aweza kuchagua nyingine, nasi tukabishana kwa faida. Nilikaa na mshororo kama huo jioni tatu, na mwisho wake nilikuwa nimeifahamu kauli ya kutendeka kuliko nilivyoifahamu kwa miaka yote niliyoifundisha ubaoni.

Hatari ya kumtazama mgeni kwa kioo kisicho chake si mpya, wala si yetu peke yetu. Mwaka 1414 twiga alifikishwa katika ikulu ya Ming kama zawadi kutoka Bengal, na mwaka uliofuata ukafika ujumbe wa Malindi ukiwa na twiga mwingine. Wachina wa ikulu hawakuwahi kumwona mnyama kama huyo. Wakasema ni qilin, mnyama wa hadithi zao aletaye bahati njema zama za mtawala mwema, na msomi Shen Du akatunga maneno ya kumsifu. Sifa zilikuwa nzuri, lakini mnyama aliyesifiwa alikuwa wa hadithi. Twiga mwenyewe, ajuaye miiba ya migunga, alisimama uani bila kujulikana. Baadaye Wachina walijifunza kusikiliza. Tangu mwaka 1961 redio yao ya Peking ilitangaza kwa Kiswahili, na kwa ajili hiyo vijana wa Kichina walikaa darasani wakajifunza ngeli zetu moja moja. Ni haki nasi tuwafikie kwa juhudi kama hiyo.

Huenda msomaji akasema: mimi sina nauli ya kwenda China. Na azingatie habari za Arthur Waley, aliyeajiriwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, mwaka 1913. Alijifundisha Kichina mwenyewe ili aweze kupanga picha zilizokuwa chini ya ulinzi wake, na mwaka 1918 akachapisha kitabu cha tafsiri za mashairi 170 ambacho kimesomwa duniani mpaka leo. Mtu huyu hakufika China maisha yake yote. Hakuwa na barabara iliyojengwa na Wachina mlangoni pake, wala jirani wa kumsahihisha matamshi. Sisi wa Ruiru na Thika tunavyo vyote viwili.

Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Kamusi ya mfalme Kangxi ya mwaka 1716 ina herufi zaidi ya 47,000, lakini zitumikazo kwa kawaida hazizidi sana 3,500, na herufi nyingi zimeundwa kwa vipande vinavyojirudia. Kamusi ile ilizipanga chini ya alama 214. Alama moja ni matone matatu ya maji yaliyo ubavuni, na ukiyaona matone hayo wajua kwamba neno lina unyevu: mto, bahari, machozi, jasho. Mimi hujifunza herufi tano katika matatu ya asubuhi, kati ya Ruiru na Juja, na kati ya Juja na Thika huzirudia za jana. Kwa kalamu huziandika usiku, maana mkono una kumbukumbu ambayo jicho halina. Siku nyingine nachoka, siku nyingine gari limejaa nikasimama. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Basi, kijana, ukipenda kuifuata njia hii, nina mashauri machache. Jifunze kwanza Kichina cha kazi, na ukipata kazi uifanye kwa uaminifu. Mjomba wangu ana haki. Usikiache Kikuyu, au Kikamba, au lugha yoyote uliyoikuta nyumbani, kwa kuwa huwezi kujua ni mlango upi itakufungulia kesho. Hifadhi moyoni ubeti kadha wa tenzi zetu kabla hujahifadhi shairi la Tang, ili upate kipimo. Kisha chagua shairi moja fupi, lenye silabi ishirini tu, ulisome katika Kichina chenyewe, na usifungue tafsiri ya Kiingereza mpaka umeandika ya kwako. Itakuwa na kasoro. Mpelekee mwalimu wako wa Kiswahili na Mchina yeyote akusikilizaye, wakukosoe kila mmoja upande wake.

Mjomba bado huniuliza. Lakini swali lake limebadilika: siku hizi anataka kujua yale mashairi ya Du Fu nimeyafasiri mangapi, na lini nitamsomea lile la mtoto. Nimefika nusu yake. Kuna neno moja la kilio pale mlangoni ambalo sijalipatia Kiswahili kinachostahili, nami sitaki kumsomea Mjomba jambo kama hilo kwa neno lisilo lake.